Mwano Uliopigwa Shuleni

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya, wekeni simu chini. Mimi sijui kuandika kwa kurembaremba. Niliishia darasa la nne, baba akanitoa nikachunge ng'ombe, na shule yangu ikafia hapo. Naandika kwa sababu kila mmoja wenu akija likizo ananiuliza kwa nini kwenye mji huu wangu fimbo zinaachwa nje ya ua, hata ya kuchungia, hata ya mgeni. Mnaulizana pembeni, mnacheka, mnasema bibi kazeeka vibaya. Leo nawaambia. Kuna damu humu ndani, kwa hiyo mwenye roho nyepesi aende akachemshe chai, aje asimuliwe na wenzake.

Nianze na kidole.

Mjukuu wangu wa kike, yule niliyemlea tangu mama yake alipofariki akimwacha bado ananyonya, alizaliwa anashika kila kitu kwa mkono wa kushoto. Mwiko kushoto, jembe kushoto, penseli kushoto. Shule ya msingi alikutana na mwalimu aliyesema huo ni ukaidi. Alimwambia abadilishe mkono, mtoto akabadilisha, mwalimu akigeuka ubaoni mkono unarudi kulekule. Siku moja mwalimu hakusema. Alichukua mguu wa kiti kilichovunjika, akamwekea mkono juu ya dawati, akapiga. Kidole cha kati kililia kama kijiti kikavu. Wenzake wote walisikia. Kilipona, lakini kilipona kimepinda, na mpaka leo kimepinda.

Baba yake, ambaye ni mwanangu wa kwanza, alikwenda pale shuleni na kiboko cha kuswagia maksai. Mwalimu aliruka dirishani na hakurudi hata kuchukua koti lake. Huyo ndiye mwanangu. Mkono wake hutangulia, akili inafuata nyuma inahema. Lakini anampenda binti yake kuliko mifugo, na kwa Msukuma hilo si neno dogo.

Sasa, kidole kilipona ila kitu kingine hakikupona. Tangu siku ile, mtu akisimama nyuma yake anapoandika, bega lilikuwa linapanda mpaka sikioni na mkono unaganda. Alifika sekondari kwa sababu ya hesabu. Huko sekondari mambo ni ya kujieleza, na karatasi yake ilikuwa inarudi nyeupe. Si kwamba hajui. Ukimuuliza jikoni habari za mito na wakoloni alikuwa anakueleza mpaka ugali unaungua. Ukimpa kalamu, anakuwa bubu.

Mtihani wa kidato cha pili alianguka. Wakamruhusu arudie, lakini walimwambia wazi: ukianguka tena, unakwenda nyumbani. Na nyumbani alikuwa anasubiriwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha Migato, anayetafuta mke, aliyekwisha kuanza kumpigia mwanangu simu za kumsalimia tu, kwa ile sauti ya mtu mwenye ng'ombe wengi. Mwanangu alikuwa anajibu salamu. Hakuwa amesema ndiyo. Alikuwa anasubiri mtihani, kama sisi wote.

Ndipo nikasikia habari za kituo.

Pale shuleni, hapa Bariadi pembezoni mwa mji, palikuwa na stoo ya zamani walikokuwa wanaweka mabomba ya kupulizia dawa pamba ya shamba la shule. Waliisafisha, wakapaka chokaa, wakaingiza meza moja na viti viwili. Wakaleta kijana wa kujitolea, mwalimu mwembamba kutoka upande wa Tanga, Kiswahili chake kama anaimba. Kazi yake ilikuwa kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja, baada ya masomo, kumsaidia kuandika. Mjukuu wangu alikuja kuniambia, macho yanang'aa.

"Mmoja mmoja maana yake nini?" nikamuuliza.

"Mimi na yeye tu, bibi."

"Chumbani?"

"Chumbani."

Kesho yake nilikwenda naye. Nilibeba mchi, na sikuwa nakwenda kutwanga. Msinicheke. Mnajua kama ninavyojua mimi wasichana wangapi wa hapa wamerudishwa nyumbani na matumbo, na mwalimu mwenye tumbo lake amehamishwa anafundisha kwingine. Nilimkuta yule kijana anapanga karatasi.

"Mwadila," nikamsalimia kwa Kisukuma makusudi, nione atafanyaje.

"Shikamoo bibi," akajibu. "Hiyo nayo sijafundishwa kuijibu."

"Utafundishwa. Huyu ni mjukuu wangu. Kwa nini asikae na wenzake?"

"Wakiwa wengi haandiki, bibi. Nimemwona darasani. Anajikunja kama anasubiri kitu kimwangukie."

Hapo nikajua anaona vizuri. Lakini kuona si kazi yangu kusifu. Nikamwonyesha mchi.

"Mimi nitakaa hapo nje kwenye benchi. Mlango uwe wazi. Ukifungwa, nitakuvunja magoti, halafu ndiyo niulize sababu."

"Sawa bibi," akasema. "Ila huo mchi ungekaa upande wa pili wa benchi. Akiuona hataandika."

Nikauhamishia upande wa pili.

Basi nilikaa pale jioni nyingi, nachambua mchele kwenye ungo, nasikiliza. Yule kijana hakuwa anasimama nyuma yake. Alikuwa anakaa ubavuni, anageuza uso dirishani, anaangalia mbuzi wa jirani, mtoto anaandika. Akimaliza anamwambia, nisomee. Mtoto anasoma. Wakifika mahali pamekwama anamuuliza, hapa ulitaka kusema nini? Mtoto anamweleza kwa mdomo, na kijana anasema, basi andika hivyohivyo ulivyosema. Ni hayo tu. Akishindwa kwa Kiingereza anamwambia aandike kwa Kiswahili kwanza. Akishindwa Kiswahili, aandike kwa Kisukuma halafu amfasirie, kwa sababu yeye hajui. Nilimsikia mjukuu wangu akimcheka mwalimu jinsi anavyotamka ng'ombe kwa Kisukuma, na mwalimu anarudia, anakosea tena, wanacheka. Mwanzoni alikuwa anatoka na mistari miwili, mmoja kaukata. Baadaye ukurasa. Baadaye akawa anaomba karatasi nyingine.

Na bega likashuka. Hilo nililiona mwenyewe kutoka kwenye benchi.

Siku ya tukio nilichelewa. Nilikuwa zahanati kuchukua dawa zangu za presha, foleni ndefu, nesi mmoja. Ilikuwa kiangazi, pamba imeshauzwa, na upepo ulikuwa unavuma ule wa vumbi jekundu unaobeba hata mabati. Upepo ukawa unaingia kituoni unapeperusha karatasi. Mwalimu akafunga mlango.

Mwanangu alikuwa ananitafuta, kuna ng'ombe alikuwa anashindwa kuzaa nyumbani na mimi ndiye ninayejua kuvuta. Akapita shuleni. Akakuta benchi halina mtu. Akakuta mlango umefungwa. Akasimama akasikia binti yake analia mle ndani, na sauti ya mwanamume inasema taratibu, "Usiogope. Hakuna mtu atakayekusikia. Tuanze tena."

Mtoto alikuwa anasoma alichoandika juu ya kidole. Siku ile ndiyo alikuwa amekiandika mara ya kwanza, chote, mguu wa kiti na mlio wake, na aliposoma kwa sauti akalia. Lakini hayo mwanangu angeyajuaje? Hakugonga. Alirudi hatua nyuma, akatia mikono mdomoni, akapiga mwano.

Nyinyi wa mjini mwano mnausikia kwenye hadithi. Ni yowe. Ukipigwa, aliyesikia anapokea na yeye anapiga, unakwenda mji kwa mji, na kila mwenye miguu anashika fimbo anakimbia. Huulizi. Anayebaki nyumbani ndiye anayekuja kuulizwa baadaye, kwa nini mwenzako alilia na wewe ukakaa. Ndivyo tulivyolinda ng'ombe wetu miaka yote. Mwano hauna swali ndani yake, na siku ile niliuona ubaya wake.

Mimi nilikuwa njiani narudi. Niliusikia, nikaokota fimbo. Nataka mlielewe hilo vizuri: bibi yenu, na presha yake, na vidonge vyake kwenye mfuko wa rambo, alikimbia na fimbo bila kujua anakwenda kumpiga nani. Vijana wa bodaboda walinipita na pikipiki. Mafundi walishuka kwenye nyumba waliyokuwa wanajenga, na mbao mikononi. Mwanamke mmoja alitoka jikoni na mwiko wenye ugali.

Nilipofika uwanja wa shule duara lilikuwa limeshafunga. Duara la watu wanaopiga lina sauti yake. Si makelele. Ni pumzi, kama watu wanaopura mtama, na katikati yake kuna mlio wa kitu laini. Nikauliza, "Ni nani?" Kijana mmoja akanijibu bila kugeuka, "Mwalimu. Kafungia mtoto wa mtu."

Nilimwona mjukuu wangu kwenye kizingiti cha kituo. Alikuwa anapiga mateke. Mama mmoja jirani alikuwa amemkumbatia kwa nguvu, amemziba mdomo kwa kanga, anambembeleza, "Nyamaza ng'wanawane, nyamaza mwanangu, wanamalizana naye." Kwa huruma kabisa. Kwa huruma alimziba mdomo mtu pekee aliyejua ukweli.

Nikaingia kwenye duara kwa fimbo niliyookota. Nilipiga vifundo vya miguu, maana vichwa sivifikii. Mtu akipigwa kifundo anainua mguu, na akiinua mguu unapita. Ndani nilimkuta amelala ubavu, shati limekuwa rangi moja na udongo, mdomo umejaa damu na jino moja liko nje kwenye vumbi. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Hakuwa analia tena. Nyuma yangu nilisikia tairi linabingirishwa, na mtu anauliza nani ana petroli, kwa sauti ya kawaida, kama anaomba kiberiti.

Na juu yake alisimama mwanangu, fimbo imeinuliwa.

Nilijitupa. Sikufikiri, nilimlalia yule kijana kama unavyolalia mtoto mvua ya mawe ikija. Fimbo ilikuwa imeshaanza kushuka. Ilinipata begani, na bega hilo ndilo hili ambalo mnaona silinyanyui mpaka mwisho.

Pumzi zote zikakatika. Kwetu kumpiga mama yako si kosa la kulipia faini, ni laana. Mwanangu aliiangalia fimbo kama imegeuka nyoka.

"Mayu," akasema. "Mayu, toka hapo."

"Piga tena," nikamwambia. "Umeanza na mama yako, mmalize."

"Mayu, huyu kamfungia mtoto. Nimemsikia kwa masikio yangu. Analia."

Kijana wa tairi alikuwa bado anasogea. Hapo nikapiga magoti, nikashika kanga yangu kifuani kwa mkono uliobaki mzima. "Nikiifungua hii," nikasema, "kila mwanamume aliye hapa ajue hana mama tena. Aliyenyonya na aanze kutupa fimbo."

Wanaume wakubwa waligeuza nyuso. Fimbo zikaanza kuanguka, moja, halafu nyingi pamoja. Yule wa tairi aliliacha likabingirika lenyewe mpaka kwenye ukuta. Nyinyi mnaowacheka wazee kwa mila zao, siku ile mila moja ilileta watu pale wamuue mtu, na mila nyingine ikamwokoa. Mimi sijui niwaambie nini zaidi.

Mama aliyemziba mjukuu wangu mdomo akalegeza mikono. Mjukuu wangu akaja, na kipande cha karatasi bado amekishika.

Baba yake akamuuliza, sauti imekwisha, "Alikufanya nini?"

"Alinifanya niandike," akasema.

"Ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nasoma kidole changu, baba." Akamtupia ile karatasi kifuani. "Soma. Soma na wewe uone kama hutalia."

Hakusoma pale. Aliiokota akasimama nayo, na watu wakaanza kuondoka. Watu wengi wakikosea pamoja huondoka haraka, kila mmoja amekumbuka kazi yake. Ng'ombe wetu alikufa jioni ile na ndama tumboni, na hakuna aliyemkumbuka.

Polisi walikuja wakatoa PF3, ile fomu ya kutibiwa, kijana akapelekwa hospitali. Mkono ulikuwa umevunjika vibaya, wakamfunga plasta toka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Mwanangu alikaa mahabusu, akatoka kwa dhamana. Kesi ikafuata njia zake, na mahakama ilimpa alichostahili, hayo si ya kuandika hapa. Lakini mkuu wa shule alifunga kituo. Sikumlaumu, mama wa watu ndiye angeulizwa kama mtu angekufa. Mlango ulipigwa kufuli na mtihani ulikuwa unakuja.

Mjukuu wangu akarudi alikokuwa. Alikuwa anakaa na karatasi mezani, bega linapanda sikioni, na sasa hakukuwa na mtu nyuma yake hata mmoja. Alikuwa anasikia fimbo zisizokuwepo. Simu ya Migato ikaanza kulia tena, na mwanangu, ambaye alikuwa hali wala hasemi, akaanza kuipokea. Nilimsikia anasema, "Tutaona, mzee." Nikajua nikikaa kimya mtoto amekwenda.

Nikabeba kuku na bega langu, nikaenda kwenye chumba alichopanga yule kijana. Alikuwa amekaa kitandani, uso bado umevimba, mabegi yamefungwa.

"Unaondoka," nikasema.

"Naondoka, bibi. Mama yangu anapiga simu kila siku analia."

"Mama yako ana haki. Mtoto hajamaliza."

Akacheka, akashika mdomo kwa maumivu. "Bibi, wewe huna hata pole?"

"Pole ilikuwa bega. Nakuuliza habari ya mtoto."

Halafu akasema anavyofikiri, bila kunipamba. Ameogopa. Akisikia mtu anaita mbuzi anaruka. Hataingia tena chumbani na mtoto wa mtu, hata mlango ukiwa umeng'olewa. "Na hata nikitaka," akasema, akainua ile plasta, "mkono wa kuandikia ndio huu. Nitamwonyeshaje?"

"Chumba hutaingia," nikamwambia. "Ua wangu hauna mlango, una uzio wa minyaa tu, na kila anayepita barabarani anaona mpaka kwenye sufuria. Mkono nitakupa."

"Mkono wa nani?"

Nikamsimulia jambo nililoliona nikiwa msichana. Baba yangu aligombana na jirani kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani, akamvunja mkono, na ulikuwa msimu wa kulima. Wazee hawakuuliza nani alianza. Walichukua jembe la yule jirani wakampa baba. Akamlimia pamba yake msimu mzima, kabla ya kugusa shamba letu, na jirani amekaa pembeni mkono kifuani, anamwonyesha mstari uliopinda. Baba alikuwa anarudi nyumbani amenuna kama radi. Lakini mkono wa jirani ulipopona, shamba lilikuwa limepaliwa.

Kijana alinisikiliza. "Huyo huyo?" akauliza. "Aliyenipiga?"

"Huyo huyo. Darasa la saba alimaliza, mwandiko wake unasomeka. Ukiona anakunja ngumi, niangalie mimi."

Aliuangalia mlango, akamwangalia kuku. Halafu akasema, "Kesho jioni nitakuja nione. Nikitaka kuondoka, naondoka."

"Wabeja," nikamshukuru, nikaondoka kabla hajabadili mawazo.

Nyumbani niliwakuta wote uani, jioni, maziwa yanakamuliwa. Mwanangu alikuwa amesimama na fimbo yake ya kuchungia, simu mkononi. Mjukuu wangu alikuwa anapepeta. Sikukaa. Nikasema, wote wakanisikia, na ndivyo ilivyo kwenye mji huu mpaka leo:

"Toeni meza ya sebuleni muiweke hapa katikati ya ua, na viti vitatu. Fimbo zote zitoke nje ya minyaa sasa hivi, ya kuchungia, ya kutembelea, na hiyo uliyoshika, na asiingie nazo mtu tena. Kesho mwalimu anakuja. Mtoto atakaa huku, mwalimu huku, na hakuna atakayesimama nyuma yao. Na wewe uliyemvunja mkono, zima hiyo simu, nawa, ukae upande wa kulia wa mwalimu ushike kalamu. Atakachosema, unaandika. Asiposema, unanyamaza."